Msimuulize kwa Nini Haondoki

Kila ninapokaa nanyi, wajukuu zangu, na habari ya mke fulani aliyepigwa ikaletwa, lazima mmoja wenu aulize: "Lakini kogo, si aondoke tu?" Najua mnauliza kwa nia njema. Mmesoma, mmefika Nairobi na Eldoret, na simu zenu zinawaambia kila siku kwamba dunia ni pana. Ila swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe liko hapa hapa Boito, kwenye miteremko yetu ya chai. Leo nitalijibu, kisha nitawaambia la kufanya badala ya kuliuliza.

Anzeni na shamba. Msichana akiolewa huku hukuta chai imeshapandwa na baba mkwe, au huipanda yeye na mumewe, mche kwa mche, katika ekari moja au chini ya hapo. Tangu siku hiyo mikono inayochuna ni yake. Alfajiri, ukungu ungali umefunika Konoin yote, yuko shambani na kapu mgongoni. Baadaye atabeba majani hadi kituoni, yapimwe, karani aandike kilo. Lakini kilo hizo huandikwa kwenye nambari ya mkulima, na nambari mara nyingi hufuata hati ya shamba, na hati ina jina la mume au la baba yake. Malipo ya kila mwezi huingia kwa mwenye nambari. Bonasi, ile inayolipwa kwa mkupuo karibu mwezi wa Oktoba, nayo huingia huko huko. Ninawajua wanawake waliochuna tangu watoto wao wakiwa migongoni hadi watoto hao wakaoa, na hawajawahi kushika karatasi ya malipo hata moja. Huyo ndiye mnayemwambia aondoke. Aondoke na nini, sufuria?

Na aende wapi? Kwao, kaka zake wameshagawana shamba na kila mmoja amepanda chai hadi ukingoni mwa mto. Hakuna aliyemwachia dada mahali pa kusimamisha kibanda. Wale ng'ombe wa mahari walioletwa baada ya koito, kikao chetu cha posa, walishatoka zamani: mmoja aliuzwa kulipa karo, wengine wakapelekwa kumwolea kaka yake mke. Akirudi na nguo zake kwenye mfuko, ndoa ya kaka nayo inaanza kutikisika, maana wakwe wanaweza kudai mali yao. Ndiyo maana mara nyingi anayemnong'oneza kwanza kwamba avumilie kwa ajili ya watoto ni mama yake mzazi. Mama huyo si katili. Amepiga hesabu tu, na hesabu imemshinda.

Walioko kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kampuni za chai, wana tatizo la namna nyingine. Kule nyumba huja na kazi. Aliyeandikwa akiwa ni mume, mke anayemkimbia mume ameikimbia na paa. Zamani angeweza kutafuta kibarua shamba la pili, lakini tangu mashine za kuchuna zianze kuchukua nafasi ya mikono, kibarua kimekuwa adimu. Na hata kibarua chenyewe kina mitego yake. Februari 2023 BBC ilitangaza habari za wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai ya Kenya waliosema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mwanamke anayetoka mikononi mwa mumewe na kwenda kuomba kazi kwa mtu wa namna hiyo hajaondoka popote.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Kulinda dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani, iliyopitishwa 2015, haikuishia kwenye ngumi na kiboko. Imetaja dhuluma ya kiuchumi. Imetaja matusi, vitisho, kumfuatafuata mtu, ndoa ya kulazimishwa, ukeketaji. Imetaja dhuluma ya kingono ndani ya ndoa, jambo ambalo Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ililikwepa kwa kuwaacha nje waliooana kihalali. Imetaja hata wakwe kuingilia mambo ya ndoa. Hapo kwa wakwe nilicheka peke yangu, kisha nikakumbuka maboma mawili matatu, nikaacha kucheka.

Sasa, mtaniambia kwamba ni hasira, au ni pombe. Haya, tuanze na hasira. Mwanamume anafika kituoni na majani yake, karani anampunja kilo mbele ya macho yake. Anakasirika kweli. Je, anamrukia karani? Hamrukii. Anameza mate, anasema "sawa bwana," anarudi nyumbani, na huko ndiko hasira inakopata mikono. Mtu anayeweza kuchagua wa kupiga na wa kutopiga hajashindwa na hasira. Pombe nayo ni vivyo hivyo. Mlevi ametoka kwenye busaa, amepita kwa boda boda, amepita dukani, amesalimiana na mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, hakumgusa hata mmoja. Chang'aa inaweza kuufanya mkono uwe mzito zaidi. Kuuelekeza kwenye mlango wa nyumbani ni kazi ya mwenye mkono. Na msiniambie ni bonasi ndogo. Tunajua sote kwamba bonasi ya upande wetu wa Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, na tumelalamika kwa haki. Ila nimeona mke akipigwa mwaka wa bonasi nzuri kwa kuuliza imeenda wapi, na mwaka wa bonasi mbaya kwa kuuliza kwa nini ni kidogo. Kilichomkera mume miaka yote miwili ni kuulizwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Anayepiga anataka kuwa yeye peke yake anayeamua: nani ashike pesa, nani aongee na nani, nani aende chama, nani amtembelee mama yake. Kipigo ni chombo kimoja tu katika kazi hiyo, na wengine hawakihitaji hata kidogo, kwa kuwa mke ameshajifunza kuuangalia uso wa mume kabla ya kujibu. Ukiingia nyumba ambamo mtu mzima anaomba ruhusa kwa macho kabla ya kukuambia jina la mtoto, umeona dhuluma, hata kama hujaona jeraha.

Mnajua nilikuwa muuguzi kabla ya kurudi kuchuna chai yangu. Katika zahanati za mashambani kila mtu huteleza. Huku mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo "niliteleza nikichuna" ni maelezo ambayo hayana wa kuyapinga. Lakini anayeteleza huumia viganja, magoti na viwiko. Anayepigwa huumia uso, huumia upande wa nje wa mikono alipojikinga, huumia mgongo na mapaja, pale panapofunikwa na nguo. Hatukuwa na haja ya kumwita mwongo. Ulimfunga kidonda, ukamtoa nje aliyemsindikiza kwa kisingizio cha kadi au dawa, ukamuuliza mkiwa wawili tu. Wengine walisema siku hiyo hiyo. Wengine walikuja kusema mwaka wa pili, na walichokumbuka ni kwamba uliwahi kuwauliza.

Kuna jeraha moja ninalotaka mlijue kuliko yote, kwa sababu watu hulipuuza: koo. Asubuhi za Boito ni baridi, skafu shingoni haimshangazi mtu. Lakini mwenzako akija na sauti iliyokwaruza na hana mafua, akimeza chai kama anayemeza mawe, ukiona vidoa vyekundu kwenye weupe wa macho, au akikuambia kuna kipande cha usiku hakikumbuki, ujue alikabwa. Ngozi inaweza isionyeshe alama yoyote. Wenyewe husema "alinishika shingo tu," wakilitaja neno hilo "tu" kana kwamba ni jambo dogo kuliko kofi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake yuko katika hatari ya kuja kuuawa inayozidi takriban mara saba ile ya mwanamke anayedhulumiwa bila kukabwa. Tena uvimbe wa ndani unaweza kuziba njia ya hewa saa kadhaa baadaye, akiwa amelala na kila mtu akidhani yameisha. Aliyekabwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe Longisa, Tenwek, Litein au Kapkatet, popote gari litakapofika kwanza. Na aseme neno lenyewe kwa daktari: nilikabwa.

Mnamkumbuka Agnes Tirop. Alikuwa wa damu yetu ya Kikalenjin, msichana aliyeshinda mbio za nyika za dunia kule Guiyang, China, mwaka 2015 akiwa na miaka 19. Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee nchini Ujerumani, dakika 30 na sekunde moja. Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 13, alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa bado hajatimiza miaka 26. Mumewe alikamatwa Mombasa, akashtakiwa kwa mauaji, akakana. Mimi si mahakama, na kesi ya mtu si yangu kuhukumu. Ninachotaka mkione ni kilichofuata. Wanariadha wenzake walianzisha kundi walilolipa jina lake, Tirop's Angels, na wanawake walipoanza kusema hadharani, habari ikawa ile ile ya kituo chetu cha majani: msichana anakimbia, mwanamume anashika akaunti na hati za mashamba. Kwa hiyo yule anayedhani pesa nyingi zingemwokoa mke wa mkulima wa Boito afikirie tena. Chai au medali, swali ni nani anashika daftari.

Miaka mitatu baadaye ikawa Rebecca Cheptegei, Mganda aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris. Septemba 1, 2024, nyumbani kwake Trans Nzoia, mwanamume aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumwasha. Alifariki siku nne baadaye hospitalini Eldoret. Mwanamume naye aliungua akafa siku chache baada yake. Mzozo wao, kwa maelezo ya wakuu wa eneo hilo, ulihusu ardhi ile aliyokuwa amejengea nyumba.

Ninawatajia vifo hivi kwa sababu moja. Wanaoshughulika na mambo haya duniani kote wanakubaliana kwamba wakati wa kuachana, na miezi inayofuata, ndio wakati wa hatari kubwa zaidi. Anayetaka kutawala hukasirika kuliko siku zote anapoona utawala unamponyoka. Kwa hiyo mwanamke ambaye hajaondoka huenda hajazubaa. Huenda anapima hatari ambayo ninyi hamwioni, kwa macho ya mtu anayemjua mume huyo kuliko polisi na mchungaji. Ukimharakisha aondoke leo usiku kwa kuwa wewe umechoka kusikia kilio, unaweza kumtoa mahali anapoumizwa ukampeleka mahali pa kuuawa.

Basi msaada ni nini? Wa kwanza ni kuamini. Akikuambia, usimuulize alifanya nini kabla ya kofi. Usimwambie "hata wangu ana hasira." Mwambie unaamini, mwambie si kosa lake, kisha muulize yeye mwenyewe anataka nini. Anaweza kutaka nauli tu. Anaweza kutaka mtoto alale kwako hadi Jumapili, au umtunzie bahasha. Bahasha hiyo ni jambo kubwa kuliko mnavyofikiri: nakala ya kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, picha za majeraha, pesa kidogo kidogo, na nguo moja ya kila mtoto. Siku akiamua kutoka, atoke akionekana anaenda tu kituoni na kapu. Mkubaliane neno. Akipiga simu na kusema "mmepata dawa ya kupe?" wewe ujue ni wakati wa kuja na gari, au wakati wa kumpigia chifu.

Akirudi kwa mume, usimsute. Wengi hurudi, na wengine hurudi zaidi ya mara moja. Baada ya kipigo huja leso mpya, huja kilo ya nyama, huja magoti na machozi mbele ya kitanda, na yeye alimpenda mtu huyo kabla ya yote haya. Ana haki ya kutamani kwamba yule wa zamani amerudi. Ukimwambia "usiniletee tena hadithi zako," umemfanyia mume kazi yake, kwa kuwa alichokuwa akitafuta siku zote ni mke asiye na mtu.

Majirani huku wana methali wanayojifichia: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sina ugomvi na methali hiyo ikikaa mahali pake, kwa ndugu wawili wenye nguvu sawa na shamba la baba mmoja. Pale ambapo mmoja anapiga na mwingine anapigwa, anayechukua jembe amechagua upande. Mkisikia mayowe usiku, msiende mmoja, nendeni watatu wanne, mgonge, muombe kiberiti, muombe tochi, mseme mmesikia ng'ombe ametoroka. Kipigo kikikatizwa usiku huo, huenda kesho akapatikana mtu wa kumpeleka hospitali badala ya kaburini. Msimwambie mume "mkeo alituambia." Mke atalipia neno hilo nyote mkishalala. Pakiwa na panga, au petroli, kaeni mbali na mpige simu polisi.

Kuna mambo machache ya ofisini ambayo kila mmoja wenu ayajue, hata asiyependa ofisi. Aliyebakwa asioge na asifue nguo kwanza. Nguo ziwekwe kwenye karatasi, si plastiki. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi inapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo bora. Hospitali itamhudumia kabla hajaenda polisi. Asikubali kurudishwa mlangoni akaambiwa alete karatasi kwanza. Polisi wataandika kwenye OB, kitabu chao cha matukio, naye adai nambari ya OB na aitunze. Fomu ya P3 hujazwa na daktari ili iwe ushahidi mahakamani. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi, hata ya muda kabla kesi haijasikizwa, kumkataza mume asimkaribie, na inaweza kumwamuru atoke yeye katika nyumba. Hilo wanawake wengi wa huku hawalijui: sheria inaweza kumtoa mpigaji na kumwacha mpigwaji na watoto palepale chai ilipo. Akivunja amri, faini yake inaweza kufika shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi 12, au vyote viwili. Na sheria hiyo ya 2015 haiwahusu waliooana peke yao. Mchumba, mpenzi, aliyezaa naye, aliyeachana naye, ndugu wa nyumba moja, wote wamo.

Sasa niongee juu ya kikao cha wazee, na wazee wenzangu wanisamehe. Wana hekima ya mambo mengi: mpaka, mti ulioanguka ng'ambo, ng'ombe aliyeingia kwenye chai ya jirani. Lakini nimekaa kwenye vikao vya ndoa. Mke huulizwa, mumewe akiwa mbele yake, alimkosea nini. Anajibu huku akiangalia viatu vyake. Mume anaungama nusu, anatozwa mbuzi, mbuzi anachinjwa, na jioni mke anafuatana na mume yule yule kwenda nyumba ile ile. Mbuzi ameliwa na watu ambao hawakupigwa. Mtu amevunjwa mkono, au mtoto amenajisiwa, halafu tunahesabu mbuzi? Hayo ni makosa ya jinai, na kwa mtoto hakuna mzee aliye na mamlaka ya kusamehe kwa niaba yake. Wazee wanaweza kusaidia kwa njia nyingine, na wengine husaidia sana: kumwendea baba wa msichana na kumwambia binti apokewe bila habari ya ng'ombe, kusimama mahakamani kama mashahidi, kumpa kijana wa kiume neno zito kabla hajafika huko. Kikao cha namna hiyo nitakiandalia mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, mimi mwenyewe.

Wachungaji nitawapita haraka. Wapo waliomficha mwanamke kwenye nyumba ya kanisa, na wapo wanaomwambia apige magoti zaidi. Mjue wenu ni yupi kabla ya kumpelekea mtu.

Ninyi wavulana, msijikunje kana kwamba mazungumzo haya ni ya dada zenu. Kazi kubwa ni yenu, pale kwenye stendi ya boda boda, rafiki anaposimulia jinsi alivyomnyoosha mke na wote mnacheka. Mwenye kusimulia anapima upepo. Msipocheka, siku nyingine atafikiri. Mmoja wenu akimvuta kando na kumwambia "hilo halipendezi, bwana," nakuhakikishia maneno hayo yatamwingia kuliko semina ya siku tatu. Na wewe unayejiona mkono unakuinuka, usisubiri uombe msamaha kwa leso. Toka nje ya nyumba, kaa kwa kaka yako, mwambie mtu mzima unayemheshimu ukweli wote, acha pombe kama ndiyo unayosingizia tuone kitakachobaki.

Wapo pia wanaume wanaopigwa, na wanaona haya kuliko kidonda. Takwimu za afya za Kenya za 2022 zilionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake na asilimia 27 ya wanaume wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15, ingawa si wote waliofanyiwa na wenzi wao. Mwanamume akikujia, asikutwe na kicheko. Sheria ni ile ile.

Nanyi wasichana, angalieni dalili mapema, kabla ya koito, kabla hata ya mtoto. Anayetaka namba ya siri ya simu yako mwezi wa kwanza na kuiita mapenzi. Anayekuonea wivu kwa shangazi yako. Anayekutaka uache chama kwa kuwa "nitakupa mimi." Mkiolewa, zungumzeni habari ya nambari ya mkulima mkiwa bado mnacheka, si baada ya kofi la kwanza. Iombe yako hata kwa mistari michache ya chai, au majina yenu mawili kwenye akaunti. Na tunzeni karatasi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi ya nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango, lakini Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu yenyewe tu. Kila mmoja huonyesha alichochangia. Risiti za kilo ulizopeleka kituoni, ujumbe wa simu wa mbolea uliyolipia, daftari la vibarua, hivyo ndivyo vitakavyokusemea. Mwanamke aliyechuna miaka 20 bila risiti hulazimika kuthibitisha kwamba alikuwepo.

Watoto waliomo ndani ya nyumba hizo husikia kila kitu, hata mkidhani wamelala. Mwalimu wa shule ya msingi huwajua kabla ya chifu: anayeshtuka mlango ukigongwa, anayepiga wenzake, anayesinzia Jumatatu. Kwa mtoto, piga 116, simu ya watoto. Kwa mtu mzima, 1195, inapokelewa usiku na mchana na haikati hela. Ziwekeni kwenye simu zenu leo, ninyi msiopigwa, kwa sababu anayepigwa simu yake hukaguliwa. Akitaka kuiweka kwenye simu yake mwenyewe, mwandikieni kwa jina la mama wa chama, au la muuza kuku, na mfundisheni kufuta orodha ya simu alizopiga.